Kigae cha Moto cha Ephrasia

Asubuhi ile aliamka kabla yangu, kama kawaida. Nilimsikia jikoni akigombana na kuni. Nilizileta mimi jana yake, na zilikuwa mbichi.

"Baba Celina," akaita, "hizi ni kuni au ni mboga?"

Sikujibu. Ukikaa na mke miaka mingi unajua swali lipi linataka jibu.

Moto ukawaka kwa shida. Akanipa kahawa. Akaweka ndizi moja kwenye makaa, akaniambia niichunge. Kisha akachukua kigae chake, kipande cha chungu kilichovunjika zamani, akatandika majivu, akachagua makaa mazuri, akayafunika kwa majivu mengine juu. Akajifunga kanga. Alipofika mlangoni nilimwuliza jambo, akanijibu. Akashika njia ya kwa mzee Aristides, moshi ukimfuata.

Alirudi, akapalilia maharage. Mchana alisema kichwa kinamwuma, akalala. Binti yetu Celina alikuja na gari kutoka Bilele, akampeleka hospitali. Alirudi kwenye kibanja chetu akiwa ndani ya sanduku.

Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho. Ningejua, ningeleta kuni kavu.

Kwenye maziko ulisomwa wasifu wa marehemu. Aliyesoma ni Aristides huyo huyo. Ni mzee sasa na mikono inamtetemeka, lakini sauti bado ni ya mwenyekiti. Alisoma kwamba marehemu alikuwa Mkristo mwema. Kwamba alikuwa mtii kwa viongozi wa dini na wa serikali. Kwamba tangu enzi za ujamaa alishirikiana na kijiji bega kwa bega. Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Wasifu huo nimeusikia kwenye maziko mengi. Alisomewa hata yule aliyekuwa akituibia kahawa ikiwa bado mtini. Naye alikuwa mtii. Naye alishirikiana.

Nilisikiliza mpaka mwisho nikaona kama wanamzika mtu nisiyemjua. Ndiyo maana naandika. Mimi sikukaa darasani. Herufi nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la kahawa, na ndevu zangu. Mkono wangu unachoka haraka, kwa hiyo sitasema mengi.

Ephrasia alizaliwa Kagondo ya Bukoba mjini, akaolewa nami huku Muleba. Mwaka wa uhuru Celina alikuwa anaanza shule. Tulikuwa na migomba, kahawa kidogo, na mbuzi.

Hakuwa mtu wa sala ndefu. Rozari ilimshinda katika fungu la tatu. Hapo ndipo usingizi ulipomkamata kila jioni, nami nikaendelea peke yangu, kwa sauti ya chini nisimwamshe. Wanawake wengine kigangoni, yaani kwenye kanisa letu dogo la kijiji, walisali wamefumba macho na machozi yakiwatoka. Yeye alisali macho wazi, akiangalia huku na huku. Nikamwuliza, huoni aibu?

"Nikifumba sitajua nani hakufika," akasema.

Na kweli. Misa ikiisha, wenzake walibaki nje kusifiana vitambaa, yeye alikwishaondoka kwenda kwa yule ambaye hakufika. Alimkuta mgonjwa, au amegombana na mumewe, au hana nguo. Mara nyingine alimkuta amelala tu, akamtukana.

Sasa Aristides. Kwanza alikuwa mwenyekiti wa kigango. Ilipokuja operesheni ya vijiji akafanywa mwenyekiti wa kijiji pia. Kiti kilikuwa kile kile. Jumapili alisoma matangazo ya kanisa, na kabla hatujanyanyuka akasoma ya kijiji kwa sauti ile ile. Hukujua amina uiweke wapi.

Alitufundisha kwamba ujamaa si jambo jipya, waumini wa kwanza waliweka mali zao pamoja. Basi tukaenda kulima shamba la kijiji huko rweya, kwenye majani matupu ambako hata mgomba hukataa kukaa. Sisi tulikwenda na majembe. Yeye alikuja na mwavuli. Alisema hata wale waumini wa kwanza walikuwa na msimamizi.

Mwaka ule wote tuliitana ndugu. Ndugu Katibu. Ndugu Bwana Shamba. Hatukuwahi kuwa na undugu mwingi hivyo, wala sukari kidogo hivyo. Sukari ya duka la kijiji ilipofika ilipita kwanza nyumbani kwa Aristides kupumzika. Mara nyingine ilikuwa imechoka sana, haikuendelea na safari.

Operesheni yenyewe wengi wetu haikutusumbua. Vibanja vyetu, yaani nyumba na migomba yake, vilikuwa karibu karibu. Tulilala vibanjani tukaamka kijijini, kwa tangazo tu. Lakini waliokaa mbali waliambiwa wahame, wajenge nyumba kwa mstari kando ya barabara. Mbali kuliko wote ng'ambo ya kijito alikaa Ma Klaudia, mjane mzee. Mumewe alikuwa amezikwa kwenye kibanja kile. Watoto wake pia, wote.

Aristides alikwenda kwake na wazee wa kamati. Nilikuwepo, nilibebeshwa kamba ya kupimia.

"Mama," akasema, "serikali imekupa mahali pazuri barabarani. Utahama lini?"

"Hata leo, waitu," akasema Ma Klaudia kwa neno letu la heshima. "Ila mnisaidie kubeba."

"Kubeba si kazi. Una mizigo gani?"

Akaonyesha makaburi chini ya migomba. "Wale. Mume wangu ni mzito kidogo. Watoto ni wepesi."

Aristides alisema ametukanwa. Wazee wa kamati wakakubali kwamba ametukanwa. Tukarudi na kamba yetu.

Jumapili ukaitishwa mkutano. Ulifunguliwa kwa sala. Kisha ukaamua kwamba Klaudia atengwe, na atakayemsaidia naye atengwe.

Kwetu kutengwa si maneno tu. Mtu aliyetengwa husalimiwi naye wala humsalimii. Humwazimi jembe. Akifiwa huendi, akifa humziki. Duka la kijiji halimwuzii. Na humpi moto. La moto ndilo baya. Miaka ile kiberiti kilikuwa kitu cha kusikia habari zake. Moto wako ukizimika ulikwenda kwa jirani na kigae, akakupa kaa, ukarudi mbio ukilipuliza. Asiyepewa moto anakula ndizi mbichi na kukohoa.

"Nani ana swali?" akauliza Aristides.

Ephrasia akasimama. "Na akifa?"

"Akifa atakuwa amekufa, Mama Celina."

"Atazikwa na nani?"

"Hilo litajadiliwa kwenye kikao kijacho."

Mkutano ukafungwa kwa sala. Tuliwaombea wagonjwa, wasafiri na wajane.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Ephrasia akitia makaa kwenye kigae. Sikuwa na haja ya kuuliza. Njia ya kwenda kwa Ma Klaudia inapita mbele kabisa ya nyumba ya mwenyekiti, nikamwambia basi pita huku nyuma, migombani.

"Nipite migombani, kwani nimeiba?"

Nilimfuata kwa mbali, najifanya natafuta mbuzi. Aristides alikuwa uani akisugua meno.

"Mama Celina, huo moto unakwenda wapi?"

"Kwa Ma Klaudia. Umelalaje, mwenyekiti?"

"Nimelala salama. Hujui kwamba yule ametengwa?"

"Najua. Si tulimwombea jana wote?"

Akapita. Aristides akabaki na mswaki mdomoni.

Alikwenda hivyo kila asubuhi. Alifika kwa Ma Klaudia, akapiga magoti kama tunavyofanya kwa wakubwa, akamsalimu "kasinge, waitu," salamu yote mpaka mwisho wake, bila kukata. Kisha akamwachia makaa akarudi. Wenye kijiji walimwona. Wengine waliacha kuitikia salamu zake kwa muda, kisha wakasahau kwamba wameacha.

Aristides alikuja kwangu kwanza. "Mushumbusi, huna kamba ya kumfunga mkeo?"

"Kamba ninayo," nikasema. "Mkono wa kumfunga ndio sina."

Basi akaja kwa mwenyewe. Tulikuwa katika Kwaresima, na Celina alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kagondo, Privatus. Harusi ilipangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Aristides alijua hilo, yeye ndiye aliyetangaza ndoa kanisani.

Hakukaa hata kwenye mkeka. "Mama Celina, nakupa mpaka Pasaka, kwa sababu ya heshima ya binti yako. Baada ya Pasaka ukibeba tena moto, nyumba hii nayo itatengwa. Hakuna atakayemenya ndizi hapa, hakuna atakayekamua pombe ya rubisi. Wakwe watakuta ua mtupu. Mtacheza harusi na mbuzi wenu."

"Mbuzi wangu anacheza kukuzidi, Ta Aristides. Tulikuona Krismasi."

Aliondoka kwa hasira. Ephrasia alicheka mpaka alipotokomea, kisha akakaa chini, mikono magotini.

Mtu wa mbali hawezi kujua uzito wa jambo lile. Harusi bila majirani kwetu si harusi. Ni nani atamwimbia binti akitoka? Wakwe wakikuta ua mtupu hawaulizi kuhusu moto na vigae. Wanauliza nyumba hii ina ugonjwa gani, kisha wanarudi na kijana wao.

Celina alilia. "Mama, kwani Mungu hawezi kumpa Ma Klaudia kiberiti?"

"Anaweza, mwanangu. Kakipitisha duka la kijiji."

Celina akacheka na machozi yake. Kisha akasema, "Mimi nataka kuolewa, Mama."

"Najua," akasema Ephrasia.

Jioni ile alimaliza rozari yote, mafungu yote matano, macho wazi. Ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Hakuacha kupeleka moto. Lakini alikwenda polepole zaidi, kama mtu anayehesabu mawe ya njiani. Nilidhani baada ya Pasaka ataacha. Nilidhani pia kwamba hataacha. Nilichonga vijiko vya kukorogea rubisi ya harusi, nikavipanga ukutani, nikavitazama.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Aristides akasimama kusoma matangazo.

Hapa nieleze desturi yetu. Mapadre wa zamani walituachia jambo moja zuri. Jumamosi Kuu kila nyumba huzima moto wake kabisa. Jioni huwashwa moto mpya nje ya kanisa, padre anaubariki, anawasha mshumaa mkubwa wa Pasaka. Kutoka mshumaa ule kila mtu anapata mwali kwenye mshumaa wake mdogo, anauchukua mpaka nyumbani akiukinga na mkono, anawashia meko. Ndizi za Pasaka zinapikwa kwa moto huo.

Aristides akasoma kwa sauti yake: "Jumamosi Kuu kila nyumba izime moto. Kila mtu aje achukue moto mpya. Nasema kila mtu. Atakayekosa ajue amejitenga na wenzake."

Watu wakaitikia amina, ingawa hatukujua hilo lilikuwa tangazo la kanisa au la kijiji.

Nikatazama upande wa wanawake. Ephrasia alikuwa macho wazi kama siku zote, na alikuwa anatabasamu. Nikajua tumekwisha.

Katikati ya wiki tulikwenda Bukoba kununua kitambaa cha Celina. Tuliingia Miembeni dukani kwa Thakorbhai, Mhindi tuliyemzoea. Mwaka ule maduka mengi pembeni yake yalikuwa yamefungwa, wenyewe wamekwenda. Alikata kitambaa, akakikunja.

"Nini tena, mama?"

"Mishumaa. Wangu, wa mzee huyu, wa binti yangu, na mmoja wa jirani."

"Jirani hana miguu ya kuja mwenyewe?"

"Miguu anayo. Majirani ndio hana."

Thakorbhai alitazama mlango wa duka la pili, uliokuwa na kufuli. Kisha akaingia nyuma, akarudi na mshumaa mnene kuliko mingine. "Huu mpe jirani," akasema. "Ile mingine inazimika upesi."

Jumamosi Kuu tukazima moto. Kijiji chote hakikuwa na moshi. Padre alifika kwa pikipiki na akataka tuanze jua likiwa bado linatutazama. Kitabu chake kilitaka usiku, lakini taa mbovu ya pikipiki ilitaka mchana.

Nje ya kanisa katekista alikuwa amepanga kuni. Akauliza nani ana kiberiti. Watu wakatazamana. Duka la kijiji halikuwa limeona kiberiti tangu kabla ya Kwaresima. Aristides akaingiza mkono mfukoni, akatoa boksi jipya kabisa, limejaa, akalitikisa kidogo kabla hajakumbuka kwamba tunamtazama.

"Lilibaki," akasema.

Moto ukawaka. Padre akaubariki, tukaingia ndani nyuma ya mshumaa mkubwa.

Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto. Aristides ndiye aliyekuwa amepanga namna ya kugawa mwali. Yeye huuchukua kwanza kutoka mshumaa wa Pasaka, huwapa wanaume wa benchi la mbele, kisha huvuka njia ya katikati huwapa wanawake, akianzia na mtu wa kwanza wa benchi la mbele, aliye karibu na njia. Kutoka hapo unapita mkono kwa mkono mpaka nyuma. Alipanga hivyo ili moto wa Bwana usipite kijijini bila kupitia kwake. Na mtu huyo wa kwanza alikuwa mkewe, siku zote.

Siku ile mkewe alichelewa. Alikuwa na kilemba kipya, na kilikuwa kinamsumbua. Ephrasia hakuchelewa. Alimpitia Ma Klaudia mchana, akamshika mkono mpaka kanisani, akamkalisha mahali pale. Yeye akakaa ubavuni mwake.

Aristides akachukua mwali. Akawapa wanaume. Akavuka njia, mkono mbele, akijiandaa kutabasamu kwa mkewe. Akamkuta Ma Klaudia amesimama na mshumaa mnene wa Thakorbhai.

Mkono ukasimama hewani.

Kanisa lilikuwa limejaa. Sote tulikuwepo kwenye ule mkutano. Sote tulijua: anayempa Klaudia moto anatengwa. Na sote tulijua ni nani aliyelitamka.

Aristides akajaribu kumruka. Akanyoosha mshumaa kwa Ephrasia. Ephrasia akaficha wake ndani ya kanga.

"Anzia mwanzo, mwenyekiti," akasema kwa upole. "Usiharibu mpango wako."

Akanyoosha kwa mwanamke wa benchi la nyuma. Yule akamtazama Ephrasia, akamtazama Ma Klaudia, akashusha mshumaa wake.

"Mama, wewe pokea," Aristides akamnong'oneza yule wa nyuma.

"Nitapokea kwa mwenzangu wa mbele, waitu. Ndivyo ulivyotufundisha."

Sasa wanawake wa nyuma walianza kunung'unika, maana hawakuona vizuri, na nyumbani kwa kila mmoja meko yalikuwa baridi. Mmoja akapaza sauti: "Huko mbele kuna nini? Ndizi zangu ziko kwenye sufuria mbichi!"

"Na mimi nina wageni!"

"Au moto nao umeanza kugawiwa na kamati?"

Wanaume wakakohoa. Mimi nilitazama mshumaa wangu kama sijawahi kuona mshumaa.

Padre hakuwa wa kwetu, hakujua lolote. Aligeuka altareni. "Mwenyekiti, mwali wako umezimika?"

"Hapana, padre."

"Basi mbona mama hana moto? Mwashie."

Aristides alimtazama padre. Akatazama benchi. Ma Klaudia alikuwa ameshika mshumaa kwa mikono yote miwili, na mikono ilikuwa inatetemeka, kama ya Aristides siku hizi. Nta ya mshumaa wa Aristides ikamdondokea mwenyewe kidoleni. Akashtuka, akainamisha mshumaa wake, akauwasha wa Ma Klaudia.

Ma Klaudia akageuka, akamwashia Ephrasia. Ephrasia akapiga goti, akasema "kasinge, waitu," kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Kisha akawashia wa nyuma yake, naye wa nyuma yake, mpaka wanawake wote wakawa na mwali. Wa mwisho kabisa, mlangoni, alikuwa mke wa Aristides na kilemba chake. Akawashiwa naye. Hakujua umetoka wapi, akaupeleka nyumbani akapikia.

Nyumbani kwetu nilitaka kuwashia meko kwa mshumaa wangu. Ephrasia akaupuliza.

"Huo umetoka upande wa wanaume," akasema. "Hauna habari."

Jumatatu ya Pasaka Aristides aliitisha mkutano. Ulifunguliwa kwa sala. Akaeleza kwa kirefu kwamba watu wasichanganye mambo, moto wa kanisa si moto wa kijiji, na uamuzi juu ya Klaudia uko pale pale.

Ephrasia akasimama. "Nina swali dogo, ndugu mwenyekiti. Ndizi ulizokula jana zilipikwa kwa moto upi?"

"Wa nyumbani kwangu."

"Na huo ulitoka wapi?"

Aristides alimtazama mkewe. Mkewe alitazama kilemba cha mwenzake.

"Mimi naona hivi," akaendelea Ephrasia. "Aliyempa Ma Klaudia moto ametengwa. Ni wewe. Waliopokea kwake wametengwa. Ni sisi wanawake wote. Waliokula tulichopika wametengwa. Ni hawa waume zetu. Sasa anayetenga ni nani? Amebaki padre, na yeye ameondoka na pikipiki."

Alianza kucheka katekista. Kisha hakuna aliyeweza kujizuia. Aristides aligonga meza, akagonga tena, mwisho naye mdomo ukamcheza.

Uamuzi uliandikwa kwamba suala la Klaudia limesitishwa kwa muda mpaka kikao kijacho. Kikao hicho hakijakaa mpaka leo. Kwa mujibu wa sheria Ma Klaudia alikufa akiwa bado anajadiliwa. Alizikwa kwenye kibanja chake, kati ya mumewe na watoto, na kijiji kizima kilikwenda. Aristides alisoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya kijiji chetu.

Harusi ya Celina ilifanyika Jumamosi ile. Ua ulijaa mpaka migombani. Aristides alifika wa kwanza, akakaa mbele, akatoa hotuba ndefu juu ya umoja. Akacheza pia. Ephrasia alinigusa ubavu akanionyesha mbuzi.

Namwandika Aristides hivi si kwa chuki. Mkewe alifariki. Watoto wake wako Dar es Salaam, wanamletea salamu kwa wasafiri. Nyumba yake, ile ya kwanza kwenye mstari wa barabara, ina mtu mmoja. Kwa miaka yake yote ya mwisho Ephrasia alimpelekea moto kila asubuhi, kwa kigae kile kile, akipita mbele, si migombani. Aristides hakuwahi kulisema hilo mahali popote. Hata kwenye wasifu hakulisoma.

Baada ya maziko alikuja kwangu asubuhi moja, akasimama mlangoni. Hakuomba kitu. Nilitia makaa kwenye kigae, nikamsindikiza nayo mpaka kwake. Sikumsalimu vizuri. Bado najifunza.

Kilichobaki ni lile jambo nililomwuliza Ephrasia mlangoni asubuhi ya mwisho. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, magoti yanamwuma, na viberiti siku hizi vimejaa kila duka, na Aristides mwenyewe anavyo mezani. Alikuwa ameshika kigae, moshi unamwingia machoni. Akaniambia hivi:

"Kiberiti anacho. Lakini kiberiti hakimwulizi amelalaje. Geuza hiyo ndizi, Baba Celina, inaungua."